Mama Moshi na Boneti ya Baba Mkwe

Mliniacha wiki iliyopita nimekalia ndoo iliyopinduliwa, nalitazama gari la njano la muuza mbao likimwaga oili kwenye sakafu ya gereji yetu. Pistoni ilikuwa imetoboka tundu la kupitisha kidole. Muuza mbao alisimama mlangoni akawatangazia wapita njia: "Mmemwona huyu dada? Ndiye Mama Moshi. Mpelekee gari, akurudishie jivu!"

Jina likanata. Kufikia Jumatatu hata muuza vocha wa pembeni alikuwa ananiita Mama Moshi, tena kwa upendo, kana kwamba ndilo nililozaliwa nalo.

Kwa msiojua kazi yangu, ni hii. Mtu akitaka gari lake liende mbio kuliko lilivyotoka kiwandani, anafunga tabo kubwa inayoishindilia injini hewa, anaweka nozeli kubwa za mafuta na ekzosi pana. Lakini ile kompyuta ndogo inayoiongoza injini haina habari. Inaendelea kugawa mafuta kwa vipimo vya zamani. Hapo ndipo naitwa mimi. Nachomeka waya, nafungua laptopu, naifundisha kompyuta upya: mafuta kiasi gani, cheche wakati gani.

Mafuta yakizidi, gari linakohoa moshi mweusi na nguvu hakuna. Yakipungua, ndani kunakuwa tanuri, pistoni inayeyuka. Injini ya lile la njano ilikufa kwa mafuta kupungua. Na mafuta niliyapanga mimi. Ningejitetea vipi?

Gereji ni ya baba mkwe. Yeye ndiye fundi wa chuma, mume wangu ndiye dereva wa majaribio, mimi ndiye mtu wa kompyuta. Siku niliyoingia na laptopu yangu, baba mkwe aliweka sheria moja tu. "Mwanangu, boneti yangu, kompyuta yako. Nisikuone kwangu, usinione kwako." Nikaitikia. Mkwe humbishii, na hasa mkwe aliyekupa kazi wakati wengine wote walikuwa wanakuuliza kama mumeo anajua umetoka nyumbani.

Baada ya lile la njano, aliniita ofisini. Ofisi yenyewe ni meza iliyokatwa mguu na kalenda ya miaka mingi iliyopita.

"Kuna gari la Daktari wa Meno," akasema. "Jeupe. Injini nimeifumua na kuifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Keshokutwa anakwenda nalo kwenye mashindano ya mlimani."

"Ndiyo, baba."

"Hili likifa, hicho kikompyuta kinaingia kabatini, na wewe unakaa mapokezi kupokea simu. Sikufukuzi. Wewe ni mke wa mwanangu. Lakini jina la gereji nimelijenga tangu huyo mumeo hajaota meno."

Kupokea simu! Mimi! Nikasema ndiyo baba, nikatoka nje nikaipiga teke tairi ya lori mpaka kidole cha mguu kikavimba.

Ndiyo maana kesho yake asubuhi nilitoka nyumbani nimejiapiza. Gari jeupe litapangwa, litapangika, na litapanda mlima huo likiimba.

Barabara yetu ya majaribio iko nyuma ya maghala. Imenyooka, haina watu, na lami yake bado inajiheshimu. Baba mkwe huwa anasimama mwanzoni na sanduku la spana na mtungi wa kuzimia moto. Sisi wawili tunakwenda mpaka mwisho tukiikamua injini, mimi nasoma namba, tunageuza, tunarudi kwake taratibu. Yeye anafungua boneti, anakagua kama kuna mpira umechomoka au oili inayovuja. Anafunga. Tunakwenda tena.

"Gia ya tatu," nikamwambia mume wangu. "Kanyaga mpaka chini. Usiachie mpaka niseme."

Akakanyaga. Migongo yetu ikazama kwenye viti, tabo ikapiga mluzi, namba zikakimbia kwenye skrini.

"Achia!"

Mafuta yalikuwa yamezidi kidogo. Si neno, huwa naanzia huko kwa usalama. Nikapunguza. Tukarudi kwa baba mkwe, boneti ikapanda mbele ya kioo, nikaona miguu yake tu na pindo la ovaroli. Boneti ikashuka. Tukaondoka.

Mkamuo wa pili, mafuta yamezidi vilevile.

"Mbona sura hiyo?" mume wangu akauliza.

"Nimepunguza, halafu hayajapungua."

"Labda hukubonyeza pale pa kuhifadhi."

Nilimtazama. Mwanamke amesomea kazi hii, ameifanya miaka, halafu mtu ambaye kwake kompyuta ni mahali pa kucheza karata anakuuliza kama ulibonyeza pa kuhifadhi!

"Nilibonyeza."

"Nimeuliza tu."

Nikapunguza tena. Tukarudi, boneti ikapanda, boneti ikashuka. Mkamuo wa tatu, yamezidi. Nikapunguza. Wa nne, yamezidi. Nikabadilisha sensa ya ekzosi, ile inayonusa moshi na kunipa namba, nikidhani inanidanganya, nikaunguza kidole gumba, nikafunga mpya. Mpya nayo ikasema yale yale. Nikaikagua programu kutoka juu mpaka chini. Nikazima kila kitu, nikawasha. Nikamwomba Mungu. Nikamtukana aliyetengeneza nozeli, na mama yake, na shangazi yake.

"Hili gari lina mashetani," nikasema.

"Usiseme hivyo mbele ya baba."

"Baba hayumo humu ndani!"

"Usinifokee mimi. Mimi nimekanyaga ulipotaka nikanyage."

Ni kweli, alikuwa amekanyaga. Lakini mtu ukiwa na hasira unampiga aliye karibu, na kwenye gari la viti viwili vya mbele, aliye karibu ni mmoja tu. Nikamwambia anavyokanyaga ni kama mtu anayeogopa kuua mende. Akanyamaza. Akinyamaza mume wangu ujue imemwingia.

Tuliporudi tena kwa baba mkwe, mzee akaegemea dirisha langu. "Vipi, mwanangu?"

"Tunakaribia, baba."

"Usiikaushe hiyo injini. Ni mpya. Injini mpya ni mtoto mchanga, mpe anywe."

"Ndiyo, baba."

Maneno hayo yakanikaa. Sikuyaelewa, lakini yakanikaa.

Sasa, juu ya injini ile kuna kidude kidogo kinachoshikilia presha ya mafuta yanayokwenda kwenye nozeli. Kina nati juu yake. Ukiikaza, presha inapanda na mafuta yanakuwa mengi, ukiilegeza, yanapungua. Nikawaza: je, kama nati imelegea na inajizungusha yenyewe kwa mtetemo? Hilo lingeeleza kila kitu. Lakini kuitazama nati lazima nifungue boneti, na boneti ni ya nani?

Bahati, mzee akaenda kujisaidia nyuma ya ghala, akaiacha boneti wazi.

Nikaruka nje. Kwenye mkoba wangu kulikuwa na rangi ya kucha, nyekundu, ya harusi ya wifi yangu. Nikachora mstari mwembamba kutoka kwenye nati mpaka kwenye kidude chenyewe, ukishuka ubavuni. Mafundi wote hufanya hivyo kwa boliti wasizoziamini: nati ikisogea hata kidogo, mstari unakatika. Aliyenifundisha ni baba mkwe mwenyewe, kwenye boliti za magurudumu.

"Unafanya nini huko?" Mume wangu alikuwa ametoa kichwa dirishani, macho yamemtoka. "Hiyo ni boneti ya baba!"

"Naipaka nati kucha. Na yenyewe ni ya kike."

"Toka, anakuja!"

Nikarudi kitini kabla mzee hajamaliza kufunga vifungo. Akaja, akafunga boneti, akatupungia mkono.

Tukaikamua. Namba zikasema yamezidi. Mwisho wa barabara nikamwambia mume wangu asimame.

"Tusimame huku kwa nini? Twende kwa baba."

"Simama."

Nikashuka, nikafungua boneti. Mstari ulikuwa mzima, mwekundu, umenyooka. Nati haikuwa imesogea hata unywele. Mtetemo haukuwa na hatia.

Tukarudi kwa baba mkwe. Boneti ikapanda. Miguu, pindo la ovaroli. Boneti ikashuka. "Nendeni salama," akasema.

Safari hii sikumwambia mume wangu akanyage. Nilimwambia aende polepole, kama anayebeba mayai, mpaka mwisho wa barabara. Alipinga, halafu akatii. Nikashuka. Nikafungua.

Mstari ulikuwa umekatika. Kipande cha juu kimehamia kushoto, cha chini kimebaki pale pale.

Sikiliza, msomaji wangu. Kati ya mstari mzima na mstari uliokatika, injini ile haikuguswa na mtu mwingine yeyote ila mmoja. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa naisikia tangu utoto, sikujua nguo yenyewe inaweza kuwa ovaroli ya mkwe wangu.

"Njoo uone," nikamwita mume wangu.

Hakushuka. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani wa gari lililozimwa.

"Njoo uone hapa!"

"Sina haja ya kuona."

Nilimwendea dirishani. Hakunitazama. Na mtu aliyelala na wewe kitanda kimoja, akikataa kukutazama, huhitaji akuambie.

"Ulijua," nikasema.

"Ni desturi yake. Tangu enzi za kabureta. Injini mpya, wakati wa majaribio, anaiongezea mafuta kidogo ili isiungue. Kila ukisimama, anaongeza. Hana nia mbaya."

"Mimi napunguza kwenye kompyuta, yeye anaongeza kwenye nati. Mimi napunguza, yeye anaongeza. Tangu asubuhi! Na wewe umekaa hapo unaniuliza kama nimebonyeza pa kuhifadhi!"

"Si mwisho wake anairudisha? Majaribio yakiisha, anairudisha nati pale pale ilipokuwa. Hakuna kinachoharibika."

Nikauingiza uso dirishani.

"Anairudisha?"

"Ndiyo. Gari likishapoa, kabla mwenyewe hajalichukua."

Ngoja nikueleze nilichokielewa pale, maana mume wangu alikuwa bado hajakielewa. Kabureta, kile kifaa cha magari ya zamani cha kuchanganya mafuta na hewa, haina akili. Ukiiongezea mafuta wakati wa majaribio kisha ukarudisha, unabaki pale ulipoanzia, salama. Lakini mimi nilikuwa nimeshaiambia kompyuta ipunguze, ipunguze, ipunguze, ili kulipia yale anayoongeza mzee. Siku akirudisha nati, ile ziada yake inaondoka, na upungufu wangu unabaki. Mmoja anajaza ndoo, mwingine anaitoboa, maji yanaonekana sawa. Wa kujaza akiondoka, ndoo inakauka.

Na injini iliyokauka mafuta inatoboka pistoni. Tundu la kupitisha kidole.

"Lile la njano," nikasema. "Nati ya lile la njano aliirudisha?"

Alikuwa akiikwangua ngozi ya usukani kwa ukucha.

"Nakuuliza, mume wangu."

"Nilimwona akirudisha. Jioni ile. Lilipolipuka kesho yake ndipo nikaanza kufikiri… sikuwa na hakika. Mimi si mtu wa kompyuta."

"Ungeniuliza! Mimi ni mtu wa kompyuta! Watu wamenitungia jina, nimelia mpaka nimekauka, na wewe ulikuwa unanifuta machozi kwa leso huku umelikalia jambo?"

"Ningesema nini? Ni baba yangu."

"Na mimi ni nani?"

Akawasha gari. Nitakiri hapa kwenu, kwa kuwa nyumbani sijamwambia mtu: sekunde ile nilimchukia. Si baba yake. Yeye.

Baba mkwe alituona tunarudi polepole, akadhani kuna kilichovunjika, akaja mbio na mtungi wa moto. Nilishuka. Nilikuwa nimepanga maneno makali, mengi, yamepangana mdomoni. Lakini ukimwona mzee anakukimbilia na mtungi wa moto kwa hofu yako wewe, maneno makali yanakosa pa kutokea.

"Baba, naomba nikuulize, na usinielewe vibaya. Ile nati ya presha ya mafuta, umeigusa?"

"Ndiyo," akasema, bila hata kupepesa. "Kidogo kidogo. Nimeona unaikausha injini, nikasema nikulinde. Lile la njano lilikufa kwa kukauka, nisingependa likupate tena, mwanangu. Leo nimekuongezea zaidi kuliko siku ile."

Anilinde! Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mbaya. Nimekuta mtu anayenipenda, na amenimaliza kwa mapenzi hayo hayo.

Nikamweleza habari ya ndoo. Nilieleza taratibu, kwa heshima, nikitumia mikono. Alinisikiliza kichwa kimeinama upande mmoja. Aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo kompyuta inaona ninachofanya?"

"Haioni, baba. Inaona matokeo tu. Na mimi nayaona matokeo, naiambia ipunguze."

Alikaa juu ya sanduku la spana. Akavua kofia yake ya sufu, akaishika kwa mikono miwili.

"Basi lile la njano…" akaanza.

Hakumaliza. Honi ilipigwa nyuma yetu.

Lilikuwa gari la kukodi, na aliyeshuka kwanza ni Daktari wa Meno, shati limepigwa pasi, tabasamu kama tangazo la kazi yake. Alikuwa amekuja kuliona gari lake likikimbia. Aliyeshuka wa pili nilimtambua kabla hajafunga mlango. Muuza mbao.

"Samahani kwa kuja bila taarifa," daktari akasema. Tabasamu lilikuwa limepungua. "Huyu ndugu amenifuata kliniki. Anasema kabla sijalipandisha gari mlimani, nisikilize jambo. Mlima ule una kona na korongo, dada. Injini ikizima pale, sizungumzii tena pistoni."

"Haitazima, daktari," nikasema. "Nimeshapata tatizo lilipo. Nipe leo tu."

"Hata mimi aliniambia hivyo hivyo!" muuza mbao akadakia. "Nipe leo tu! Mzee, shikamoo."

"Marahaba," baba mkwe akaitikia, bado amekaa.

"Mzee, wewe nakuheshimu. Sikuja kugombana na wewe. Nimelipeleka gari langu kwa fundi mwingine, amelifungua, ananiambia kitu ambacho sikielewi. Anasema kompyuta ilipangwa kwa presha moja, na injini imekutwa na presha nyingine. Anasema kuna mkono uliigusa baada ya majaribio kwisha. Sasa nauliza, mbele ya daktari, na jibu hili ndilo litakaloamua kama anawaachia gari au anaondoka nalo." Akatutazama mmoja mmoja. "Siku ile, mtu wa mwisho kushika injini yangu ni nani?"

Feni ya gari jeupe ilikuwa bado inazunguka.

Nilimtazama baba mkwe. Nisingeweza kumtaja. Mkwe wako humnyooshei kidole mbele ya wateja, hata kama kidole hicho ndicho kitakachokuokoa. Lakini niliona kitu usoni mwake. Alikuwa ameiweka kofia chini. Aliegemeza mkono kwenye goti, akainuka, akakohoa kusafisha koo. Mzee alikuwa anataka kusema. Naapa alikuwa anataka kusema, na nikashusha pumzi niliyoibana tangu wiki iliyopita.

"Bwana," akaanza, "siku ile…"

"Baba, kaa." Mume wangu alikuwa ameshapita katikati yetu. Aliweka mkono kwenye bega la baba yake, akamgeukia muuza mbao, akamtazama usoni.

"Ni mke wangu," akasema. "Nilimwona kwa macho yangu."